Jackson, gavana aliyeacha jina lake kwa hondohondo wa Turkana

Kama unaishi Lopur, au Kakuma mjini, au kule Lodwar kando ya Turkwel, ndege huyu unamjua hata kama hujawahi kuuliza jina lake. Ni mweusi kwa mweupe, mdomo mkubwa uliopinda, na akiruka ni kama mtu anayepiga kasia: anapiga mabawa mara kadhaa, anateleza kidogo, anapiga tena. Asubuhi hushuka mchangani kwenye laga kutafuta panzi na wadudu wengine. Dume ana mdomo mwekundu wenye ncha ya manjano iliyofifia, jike mdomo wake ni mweusi. Mkaribie polepole na utaona ana madoadoa meupe mabawani, kama mtu aliyemrushia chokaa. Kwa Kiswahili tunamwita hondohondo. Kwenye vitabu vya ndege dunia nzima anaitwa hondohondo wa Jackson.

Sasa huyu Jackson ni nani, na jina lake lilifikaje kwenye mgunga wa Lopur? Swali ni halali kabisa. Mtu mwenyewe hakuzaliwa hapa wala hakufia hapa, na wazee wenu walikuwa wakimwita ndege huyo kwa jina lao kabla babu yake Jackson hajatembea. Hadithi yake ina bunduki nyingi, barua zilizofunguliwa na mtu asiyeandikiwa, na mpaka uliopita katikati ya maji ya Turkwel. Twende nayo.

Frederick John Jackson alitoka Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwenye familia iliyojiweza. Alisoma shule ya Shrewsbury na kisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Usidhani alikuwa profesa wa ndege. Alikuwa kijana wa kuwinda, basi. Mwaka 1884, akiwa na miaka ishirini na kitu, alishuka Lamu kwa sababu rafiki yake mmoja, Haggard, alikuwa makamu wa balozi wa Uingereza pale. Haggard huyo ni ndugu wa yule mwandishi wa riwaya ya King Solomon's Mines. Jackson alikuja kutembea na kupiga wanyama, halafu arudi kwao. Kwa namna fulani maisha yake yalibaki yamefungwa na huku kwa zaidi ya miaka thelathini.

Lamu ndiyo iliyomgeuza, na ukiifahamu pwani hutashangaa. Maji yakipwa kati ya Lamu na Manda, tope linabaki wazi na ndege wanamiminika: sululu mwenye mdomo kama mundu, vitwitwi wadogo wanaokimbia kama wameitwa, yule mweupe kwa mweusi mwenye mdomo mnene anayevunja kaa. Wengi wao si wenyeji. Wanatoka Ulaya na Siberia wakikimbia baridi, na baadhi ya vitwitwi wa aina hizo ndio haohao unaoweza kuwaona mwezi wa Oktoba ziwani Turkana, pale Ferguson's Gulf karibu na Kalokol, wakinona kabla ya kuendelea kusini. Ziwa lenu na bahari ya Lamu ni vituo kwenye barabara moja, ila barabara yenyewe iko hewani.

Jackson alianza kuwinda ndege kama alivyowinda swara. Hapa lazima nikueleze kazi hiyo ilivyofanywa wakati ule, maana ukisikia mtu alipenda ndege unaweza kufikiri alikaa na darubini akatabasamu. La. Alikuwa akiwapiga risasi. Bunduki ilijazwa marisau madogo sana ili mwili usiharibike. Ndege akianguka, alichunwa siku hiyohiyo kabla ya joto kumwoza, ngozi ikapakwa sabuni yenye sumu ya aseniki ili wadudu wasiile, ikajazwa pamba, mabawa yakafungwa vizuri, na mguuni ikatundikwa karatasi: tarehe, mahali, dume au jike, rangi ya macho. Rangi ya macho iliandikwa haraka kwa sababu ndege akifa huanza kubadilika. Kisha ngozi ikaingia sandukuni, sanduku likapanda kichwani kwa mpagazi, likatembea kwa miguu hadi Mombasa, likapanda meli hadi London.

Leo tungesema huo ni ukatili, na mimi sitabishana nawe. Lakini hapakuwa na kamera ya kumshika ndege akiruka, wala kitabu cha kumlinganisha naye. Njia pekee ya kumwonyesha mtu wa London kwamba hondohondo wa Turkwel si sawa na hondohondo wa Taveta ilikuwa kuwaweka wote wawili mezani, mmoja kando ya mwingine. Ndiyo maana karatasi ile mguuni ilikuwa na thamani kuliko manyoya yenyewe. Ngozi isiyo na tarehe wala mahali ni pambo tu.

Mwaka 1888 mabepari wa Uingereza walipewa hati ya kuendesha biashara na utawala katika sehemu hizi, wakaanzisha kampuni iliyojulikana kama IBEA, yenye makao Mombasa. Jackson aliajiriwa. Mwaka uliofuata akapewa msafara mkubwa wa kwenda bara, na mamia ya wapagazi waliobeba shanga, nguo, nyaya na risasi. Aliandamana na Wazungu wengine wachache, akiwemo Ernest Gedge. Kazi zake zilikuwa tatu kwa mpigo: kufanya mikataba na watawala wa njiani, kutafuta pembe za ndovu za kulipia gharama, na kupata habari za Emin Pasha.

Emin Pasha naye ni mtu wa ajabu. Alikuwa daktari, Mjerumani kwa asili, aliyewekwa na serikali ya Misri kuwa gavana wa Ikweta, eneo ambalo leo ni Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Vita vya Mahdi vilimkatia njia ya kutoka, na Ulaya nzima ikawa inatuma misafara kumwokoa. Na katika taabu yote hiyo, unajua alikuwa akifanya nini? Alikuwa akichuna ndege. Kwa hiyo huyu mpenda ndege alitumwa kumtafuta mpenda ndege mwenzake. Hawakukutana. Stanley alikuwa ameshampata Emin na kumtoa kwa njia nyingine hadi Bagamoyo.

Jackson alifika kwa Mumia, mahali tunapopaita Mumias leo, mwishoni mwa 1889. Hapo akakuta barua za Kabaka Mwanga wa Buganda. Mwanga alikuwa kwenye vita vya kugombea kiti, akiomba Waingereza wamsaidie. Jackson akapima mambo. Watu wake walikuwa wamechoka, risasi hazikutosha, na amri aliyopewa haikumruhusu kuingia Uganda. Akamjibu Mwanga kwa maneno ya kutuliza, akampelekea bendera ya kampuni, kisha akageuka kaskazini kutafuta pembe. Akapanda mlima Elgon, ambako kilele kimoja hadi leo kina jina lake. Akafika pia bonde la Turkwel.

Hebu tusimame hapo Turkwel kidogo, kwa sababu ni mto wenu. Karibu miaka miwili kabla ya hapo, Machi 1888, Count Teleki na mwenzake von Höhnel walikuwa wamefika ziwani wakalibandika jina la mwana wa mfalme wa Austria, Rudolf. Lilipewa jina la Turkana 1975. Nje ya hao, Ulaya haikujua lolote kuhusu nchi hii. Kwa mtu anayetafuta ndege wasiojulikana London, kila mti ulikuwa na uwezekano. Jackson aliwapiga ndege Turkwel, akawaandikia karatasi zao, wakaingia sandukuni.

Huku nyuma, Februari 1890, Mjerumani Carl Peters alifika Mumias na msafara wake mdogo. Akaikuta kambi ya Jackson haina mwenyewe. Akakuta na barua zake. Akazifungua, akasoma kila kitu, akajua kwamba Mwanga anatafuta mkono wa Mzungu na kwamba Mwingereza ameondoka kwenda milimani. Peters hakupoteza hata siku moja. Alikwenda mbio hadi Buganda na kuweka sahihi mkataba na Mwanga kwa jina la Ujerumani. Jackson aliporudi Mumias mwezi wa Machi na kuambiwa, nadhani unaweza kuuona uso wake.

Kuna watu ambao wamemcheka Jackson kwa hilo zaidi ya miaka mia moja: eti nchi nzima ya Uganda ilimponyoka alipokuwa akifukuza ndege. Si haki sana. Alikwenda kaskazini kwa ajili ya pembe za ndovu, alivyoagizwa, na ndege waliokota njia. Lakini si uongo pia kwamba alikuwa mahali alipopapenda. Mwishowe karata ya Peters haikufaa kitu. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mezani huko Ulaya: Uganda ikaenda kwa Waingereza, Zanzibar ikawekwa chini ya ulinzi wao, na Ujerumani ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Mwanga hakuulizwa. Waturkana ndiyo kabisa.

Yale masanduku nayo yakafika London. Wataalamu wa makumbusho wakayafungua, na mwaka 1891 majina yakaanza kutoka. Sheria ya adabu katika sayansi hii ni kwamba mtu hajipi jina mwenyewe; mwingine humtunukia. Ogilvie-Grant, Mskoti wa makumbusho ya London, alimwita hondohondo mwenye madoadoa kwa jina la Jackson, akamfanyia vivyo hivyo kwale mmoja wa misitu ya milimani. Mwenzake Sharpe alitoa jina hilohilo kwa ndege mdogo mweusi mwenye mkia mrefu wa nyika za juu, yule ambaye dume lake hukanyagakanyaga nyasi kwa duara, likabakiza kichaka kimoja katikati, kisha likaruka juu na kutua, juu na kutua, kutwa nzima, ili majike wamtazame. Ukifika Mara au nyanda za juu za Nyandarua wakati wa mvua, tafuta nyasi zinazorusha vitu vyeusi hewani.

Baadaye walifuata wengine: kongoni, nyoka wa mitini, na kinyonga mwenye pembe tatu. Huyo kinyonga wa Jackson ana safari yake mwenyewe. Mwaka 1972 walipelekwa Hawaii kuuzwa kama wanyama wa nyumbani, wengine wakaponyoka, na leo wamejaa misituni kule wakila konokono wa wenyewe. Mnyama wa Mlima Kenya amekuwa kero katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Jackson alirudi kazini, safari hii serikalini. Miaka ya 1890 alikuwa ofisa wa Eldama Ravine, boma la njiani kwenda Uganda. Septemba 1897 askari wa Kisudani walioajiriwa na Waingereza waligoma papo hapo Ravine. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli: mshahara mdogo ukilinganisha na wengine, unaocheleweshwa, na amri ya kwenda safari ndefu bila wake na watoto wao. Jackson alijaribu kuzungumza nao, haikusaidia. Waasi wakaenda hadi Busoga na kuteka ngome ya Lubwa kando ya ziwa. Oktoba mwaka huo kulikuwa na mapigano pale, na Jackson alijeruhiwa vibaya kwa risasi. Alipona. Mtu aliyekuwa amewapiga maelfu ya ndege alijua sasa risasi inavyoingia.

Hapa ndipo ninapotaka uwe makini, kwa sababu watu hupenda kumsimulia mpenda ndege kama mtu mpole asiye na doa. Jackson alikuwa mtawala wa kikoloni na alipanda ngazi kama watawala wengine. Mwaka 1901 ni yeye aliyetia sahihi mkataba wa Ankole kwa upande wa Waingereza. Mwaka 1907 akawa naibu gavana wa himaya ambayo leo ni Kenya, na kuanzia 1911 hadi 1918 alikuwa gavana wa Uganda.

Kuna jambo moja la kumpa sifa. Mwaka 1904 mkuu wa himaya, Sir Charles Eliot, alikuwa ameahidi kuwapa walowezi kutoka Afrika Kusini mashamba makubwa katika Bonde la Ufa, kwenye malisho ya Wamaasai. Jackson, aliyekuwa chini yake, aliipinga hatua hiyo, na habari zikafika London. Eliot alikasirika akajiuzulu. Ni mara chache ofisa wa wakati ule kumpinga mkubwa wake kwa ajili ya malisho ya wafugaji. Lakini tazama kilichofuata: Wamaasai walihamishwa mwaka huohuo, na baadaye wakahamishwa tena. Upinzani wa mtu mmoja ofisini haukusimamisha gurudumu, naye akaendelea kulisukuma.

Na Turkana? Hapa kuna kitu ambacho vijana wengi wa Lopur hawajaambiwa darasani. Kuanzia 1902 mpaka kati ya Uganda na himaya ya jirani ulifuata mto Turkwel hadi ziwani. Kaskazini ya mto, pamoja na ardhi ambako leo ipo Kakuma, ilikuwa kwenye ramani ya Uganda. Ilihamishiwa Kenya mwaka 1926 tu. Kwa hiyo Jackson alipokuwa gavana Entebbe, kwa karatasi alikuwa gavana wa babu wa babu yako. Kwa karatasi, nasema, kwa kuwa serikali yenyewe ilionekana Turkana zaidi kwa njia ya askari. Misafara ya kijeshi ya miaka hiyo ilikuja kuwanyang'anya watu bunduki na mifugo, na ule mkubwa wa 1918, mwaka Jackson alipoondoka madarakani, uliondoka na maelfu kwa maelfu ya ng'ombe, ngamia, mbuzi na punda. Wazee bado wanayo habari hiyo kwa majina ya watu na visima. Jina la Jackson pengine hawalijui. Hondohondo wanamjua.

Mwaka 1909 wapenda mambo ya asili wa Nairobi walianzisha chama, na Jackson akawa rais wake wa kwanza. Chama kile kikafungua makumbusho madogo mwaka 1910, na hayo ndiyo yaliyokua yakawa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Chama chenyewe kipo mpaka leo, siku hizi kinajulikana kama Nature Kenya, na kwa miongo mingi kimekuwa na matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi jijini Nairobi. Wakati wa Jackson mwanachama alikuwa Mzungu mwenye bunduki. Leo ukienda utakuta wanafunzi wa vyuo, akina mama waliostaafu, waongoza watalii, kila mtu na darubini yake au ya kuazima, na hakuna anayempiga ndege.

Alipostaafu alikaa chini kuandika kitabu kimoja cha ndege wote wa Kenya na Uganda. Alikuwa na ngozi maelfu, lakini alikuwa na zaidi ya ngozi: alikuwa ameishi na ndege hao, akawasikia alfajiri kambini, akaona wanakula nini na wanajenga wapi. Wataalamu wa London walijua manyoya. Yeye alijua tabia. Mfano ni hondohondo mwenyewe. Jike akitaka kutaga huingia kwenye shimo la mti, na mlango unazibwa kwa tope na mavi mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Anakaa mle gizani na mayai, kisha na makinda, na dume ndiye anayeleta chakula na kukipitisha kwenye ufa kwa ncha ya mdomo, wiki baada ya wiki. Dume akifa wakati huo, familia nzima iko taabuni. Jambo kama hilo hulioni kwenye droo ya makumbusho hata ukitazama ngozi mwaka mzima.

Kitabu hakukimaliza. Jackson alikufa mapema 1929 nchini Ufaransa, na kumbukumbu zake za safari zikachapishwa mwaka uliofuata. Muswada wa ndege ulimaliziwa na Sclater, mtaalamu wa London, ukatoka 1938 kwa majuzuu matatu yenye zaidi ya kurasa 1,500. (Sclater naye alifariki 1944, bomu la Wajerumani lilipoanguka London.) Kwa miaka mingi mtu yeyote aliyetaka kujua ndege wa sehemu hizi alianzia pale.

Kitu kinachoniuma kwenye kazi hiyo kubwa ni karatasi zile za miguuni. Zina jina la mahali, tarehe, na jina la Jackson. Lakini msafara wa mamia ya watu haukuwa Jackson peke yake. Nani aliliona shimo la hondohondo na kusema liko kule? Nani alichuna kwa kisu kidogo usiku, kando ya moto, na vidole vyake vikashika aseniki? Miaka ya baadaye Jackson alikuwa na Waafrika aliowafunza kupiga na kuchuna, na walifanya kazi hiyo kwa ustadi. Ndege wa jina lao hayupo. Mfugaji wa Turkwel aliyewaonyesha maji naye hakuandikwa. Ngozi zenyewe ziko Tring, nje ya London, kwenye kabati zisizoingiza mwanga, na ukifungua droo utazikuta zimelala chali zimepangwa kama samaki sokoni, karatasi zikining'inia.

Karatasi mpya zinaandikwa sasa, na hapa ndipo wewe unaingia. Kuna mradi unaoitwa Kenya Bird Map unaoigawa nchi nzima kwa miraba, kila mraba kama kilomita tisa kwa tisa. Mtu anachagua mraba, anatembea humo angalau saa mbili, na anaandika kila aina ya ndege aliyoiona au kuisikia, kwa simu. Hakuna bunduki, hakuna aseniki. Tazama ramani yao: Nairobi imejaa rangi, pwani ya Mombasa, Kilifi na Watamu imejaa rangi, halafu nenda kaskazini magharibi uone miraba mingi ilivyobaki na orodha chache au haina kabisa. Si kwamba ndege hawapo. Ni kwamba wanaojua kuwatafuta wanaishi mbali, na wanaoishi nao hawajaulizwa.

Faida yako ni kubwa kuliko ya mtalii wa siku mbili. Unajua laga la Tarach lina maji lini na limekauka lini. Unajua mathenge imefunga wapi na mgunga wa kale umebaki wapi, na hondohondo anahitaji mti mkubwa wenye shimo, si kichaka. Miti hiyo inakatwa kwa makaa na kwa kujenga, na mji umekua sana tangu kambi ifunguliwe 1992. Je, hondohondo wamepungua Lopur? Hilo halijibiwi kwa kukisia. Linajibiwa na mtu anayeandika tarehe na mahali, mwaka huu, mwaka ujao, na mwaka wa baada ya huo. Na kama wewe ni wa kutoka Sudan Kusini au Ethiopia, ulizana na wenzako, kwa kuwa ndege huyu anaishi pia kusini mashariki mwa Sudan Kusini, kusini magharibi mwa Ethiopia na kaskazini mashariki mwa Uganda. Huenda rafiki yako alimwona nyumbani kwao kabla ya kuvuka mpaka, na ana jina lake kwa lugha ambayo haijaandikwa kwenye kitabu chochote cha ndege. Liandike na hilo.

Jambo moja tu la kuangalia kabla hujabonyeza simu. Kuna hondohondo mwingine anayefanana naye sana, mdomo mwekundu kwa dume na mweusi kwa jike vilevile, na hata wazoefu huchanganya. Tazama bawa. Kama lina madoadoa meupe, huyo ni wa Jackson. Kama ni jeusi bila madoa hayo, huyo ni wa von der Decken, baroni wa Kijerumani aliyeuawa Bardera huko Somalia mwaka 1865, na habari zake zinataka siku yake.